Ng'ombe wa Mapatano

Mwezi uliopita nilialikwa shughuli Bunda. Sahani ya pilau ikaletwa mezani, nikainama nianze kula, harufu ikanipiga. Nyama ambayo damu yake haikutoka sawasawa ina harufu yake, utamutamu fulani wa chuma, kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho. Viungo haviifichi. Nikaisogeza sahani pembeni. Mama niliyekaa naye akaniuliza kama nimefunga, nikamwambia hapana, nina kinyaa tu. Akacheka. "Mtu wa Mara unaonaje kinyaa na nyama?"

Nilinyamaza kwa sababu ni habari ndefu na watu walikuwa wanakula. Naisimulia hapa, kwa nyie wa rika langu mliokulia huku, maana najua wapo kati yenu waliowahi kukaa kwenye mkeka kama ule na kuona nilichokiona, wakaambiwa wanyamaze.

Nilikuwa darasa la tatu dada Veronika alipotuma mtu anichukue kutoka kwa bamkubwa, kijijini njia ya Butiama, nikakae naye Kitaji, Musoma mjini. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, baba kwanza, mama baadaye, na dada ndiye pekee aliyebaki wa kuniita mwanangu. Alikuwa ameolewa na Ramadhani, fundi pikipiki, Mwislamu. Bamkubwa Magesa, kaka yake baba, mzee wa jumuiya anayeshika rozari hata akiwa zizini, hakwenda kwenye ndoa ile. Alisema hawezi kwenda kuangalia mtoto wa mdogo wake akivuliwa ubatizo.

Mimi nilikuwepo, dada alitafuta namna nikapelekwa. Kijijini walikuwa wameniambia kwamba akishatamka yale maneno ya kusilimu uso wake utageuka. Nikakaa karibu naye kabisa nisikose. Shekhe akamtangulia, dada akafuata kwa lafudhi yetu ya kwetu, kwamba hakuna mungu isipokuwa Mwenyezi Mungu na Muhammad ni mtume wake. Basi, imekwisha. Uso ukabaki uleule, na kipele chake cha kidevuni palepale. Wakasema sasa anaitwa Zainabu. Mimi niliendelea kumwita dada, hakuna aliyenikataza.

Mwanzoni nyumba ile ilinitia kinyaa, siwezi kudanganya. Shemeji Rama aliishi na mama yake, Bi Mwajuma, mama mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Chooni kulikuwa na kopo la maji, na nilipoelezwa kazi yake nilikataa kulishika. Kumbe Bi Mwajuma naye alikuwa na kinyaa chake na mimi. "Nyie huko kwenu mnajifutaga na majani halafu mnasema mko wasafi," aliniambia. "Mkono unaoshwa ukatakata. Majani yanaosha nini?" Wiki ileile nikaanza kutumia kopo, na hadi leo siwezi choo kisicho na maji.

Halafu ukaja mwezi wa Ramadhani. Bi Mwajuma aliamini kwamba aliyefunga akimeza mate, funga imekwenda na maji. Kutwa nzima alitema. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye majivu chini, anatema humo, na jioni kazi ya kulimwaga ilikuwa yangu. Nililibeba nimegeuza shingo mpaka ilikuwa inauma. Shemeji alimweleza mama yake kwa upole kwamba mate ya mtu mwenyewe hayafunguzi, kwamba funga ni kujizuia na chakula, kinywaji na unyumba toka alfajiri mpaka magharibi, na kuuzuia ulimi na maneno machafu. Bi Mwajuma akamsikiliza mpaka mwisho, akatema. "Wewe funga ya kwako," alimwambia.

Lakini nilizoea, na nilianza kuwapenda. Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache, ila nikimuuliza jambo alinijibu kama mtu mzima mwenzake. Jioni aliporudi mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili. Aliisugua kwa mchanga na sabuni ya unga, akasugua tena, mimi nikiwa namwagia maji. Nikamuuliza kwa nini anasumbuka hivyo wakati kesho itachafuka tena. Akasema oili ikiganda kwenye ngozi maji hayafiki, na maji yasipofika udhu haujatimia, na bila udhu hakuna swala. Kisha akaosha viganja, akasukutua, akapandisha maji puani, akaosha uso, mikono mpaka kwenye viwiko, akapaka maji kichwani na masikioni, akamaliza na miguu. Nilimwagia maji jioni nyingi sana, hivyo najua mpangilio ule kama ninavyojua ishara ya msalaba.

Msalaba niliendelea nao. Jumapili shemeji alikuwa ananipakia kwenye pikipiki mwenyewe, ananishusha kanisani, anakwenda zake gereji. Bi Mwajuma alipolalamika, alimjibu kwamba imani hailazimishwi, na kwamba huyu mtoto ni amana. Kwa hiyo nilijifunza dini ile kwa kuwa ndani ya nyumba tu. Niliwaona wakisimama swala mara tano kwa siku, dada nyuma, mumewe mbele. Kabla ya swala ya Idi nilimwona shemeji akipima mchele na kuupeleka kwa mjane wa nyumba ya pili, kwetu hakijapikwa kitu, na akasema hiyo siyo hisani, ni haki ya yule mama. Hija niliijua kwa Bi Mwajuma. Alikuwa hajafika mbali zaidi ya Mwanza, lakini alizungumzia Maka kama mtu anayezungumzia kwa ndugu zake, na kila mara alimaliza kwa kusema Mungu hamlazimishi asiye na uwezo.

La chakula ndilo nililolielewa vibaya, na lawama siyo yao. Shemeji alinieleza kwamba nguruwe hawali, damu hawali, na mnyama aliyekufa mwenyewe hawali. Akafafanua: aliyejinyonga na kamba, aliyeanguka, aliyepigwa pembe na mwenzake, wote hao ni kibudu. Mnyama lazima akatwe akiwa mzima, kwa jina la Mungu, kwa kisu kikali asiteseke, na damu ichuruzike yote. Nikatikisa kichwa kwa mshangao. Kijijini kwetu ng'ombe akifa, watu huja na mapanga yao, na hakuna anayeuliza amekufaje.

Kisha siku moja Bi Mwajuma alikula sambusa kwenye sherehe ya jirani. Aliporudi, mtu akamnong'oneza kwamba karai lile jana yake lilikaangiwa kitimoto, nyama ya nguruwe. Mama yule alitapika mpaka nyongo. Alilala siku mbili, macho yameingia ndani, anaomba toba kwa sauti ya mgonjwa. Mimi nilimshikia beseni. Nikapata hitimisho langu na sikumwambia mtu, kwa sababu niliona liko wazi: kwa Mkristo haramu ni nyama tu, ila kwa mtu aliyetamka yale maneno inageuka sumu. Bi Mwajuma amepona kwa sababu lilikuwa karai peke yake. Angekula nyama yenyewe angekufa. Na kwa kuwa dada naye alishatamka, dada naye angekufa. Nikawa nakagua vyakula anavyopewa nje.

Dada alipojifungua mtoto wa kiume, bamkubwa alituma ujumbe. Alisema damu haigeuki maji, hasira zimetosha, waje wote nyumbani na mtoto, wale pamoja yaishe. Ametenga ng'ombe dume, na mkwe mwenyewe ndiye atakayemchinja kwa mkono wake na kwa dini yake, ili kusiwe na neno. Dada alilia aliposimuliwa. Alikuwa ameolewa miaka mitatu bila kukanyaga kwao. Kila alipokosana kidogo na mama mkwe wake alikuwa anaambiwa, "Kama una kwenu, nenda." Sasa alikuwa anarudishiwa kwao. Kwa wiki nzima alifua nguo zilizokuwa safi.

Mimi na dada na mtoto tulitangulia siku moja ili tusaidie mapishi. Shemeji na mama yake wangekuja kesho yake. Bamkubwa alimbeba mtoto, akamtazama mbele na nyuma, akasema ana paji la uso la marehemu baba yetu. Dada akawa anacheka tu kila anapoangaliwa. Sikuwahi kumwona hivyo.

Asubuhi nilitumwa kuni. Yule dume alikuwa amefungwa kwenye mti ukingoni mwa korongo, na kamba waliiacha ndefu. Usiku aliteleza. Nilimkuta ananing'inia nusu, miguu ya nyuma imegusa chini, ya mbele hewani, ulimi umetoka pembeni, mweusi, una mchanga. Nzi walikuwa machoni. Tumbo lilishaanza kuvimba. Nilirudi mbio nikamwita bamkubwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Zizi la bamkubwa lilikuwa limejaa. Angeweza kutoa dume mwingine, au mbuzi, au kuku wa uani, mkwe akachinja, sherehe ikaendelea. Alimzunguka yule mzoga, akamgusa kwa mguu, akasonya. Kisha akaikata kamba, ng'ombe akaanguka kwa kishindo kizito kama gunia lililolowa. Akachomoa kisu, akamkata shingo. Damu haikuruka. Ilisukumika nje kwa uvivu, nzito, nyeusi, mabonge mabonge, ikasimama. Akachukua maji ya ndoo akamwagia pale ili ionekane kuna damu nyingi imetapakaa.

Dada alikuwa amefika, mtoto mgongoni.

"Vero," bamkubwa alisema, anafuta kisu kwenye majani. "Ng'ombe amechinjwa."

Dada alikaza kanga aliyombebea mtoto.

"Nilimwita yule Mwislamu wa kule mnadani aje mapema, maana jua likipanda nyama inaharibika. Amechinja, ameondoka. Si ndiyo?"

"Bamkubwa, si una wengine?"

"Niue wawili kwa mlo mmoja? Hii nyama ina ubaya gani? Sisi tumekulaga hii toka tunazaliwa, na wewe umekulia hii. Au siku hizi tumbo lako limekuwa la Kiarabu?" Akainama, akashusha sauti. "Mimi nimekuita nyumbani, mwanangu. Usinifanye nijute."

Dada alimwangalia yule ng'ombe. Halafu akasema, "Ndiyo, Bamkubwa. Amechinjwa." Akageuka, akaniona nimesimama na kuni zangu. "Na wewe kaoshe sufuria," akaniambia.

Nilimfuata jikoni nikamwambia dada, huyu ni kibudu, huyu amenyongwa na kamba, shemeji alisema. Akaniziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka meno yakanikata mdomo kwa ndani. "Unataka niachwe?" alisema. "Unataka nikose huku na nikose kule? Nyamaza." Nikanyamaza. Nilidhani ana mpango. Nilidhani atawapikia watu wa Kitaji maharage pembeni.

Nyama ile ilikuwa ya zambarau. Ilipochemka ilitoa povu la kijivu ambalo halikuisha hata ukiliengua mara ngapi. Dada alitia vitunguu, tangawizi, kila kitu kilichokuwepo, na alikuwa anapumulia mdomoni. Bamkubwa alikuja kuonja, akachovya vidole kwenye sufuria, akasema imekolea.

Wageni walifika mchana. Shemeji alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kucha zake zilikuwa nyeupe, lazima alisugua kutwa. Alikuwa amekuja na kisu chake, amekifunga kwenye gazeti. Aliposikia kwamba kazi imeshafanyika akauliza, "Nani amechinja, Baba?"

"Mwislamu mwenzenu wa mnadani," bamkubwa alisema. "Mzee mwenye ndevu kabisa. Muulize mkeo."

Shemeji akamgeukia dada, siyo kwa kumshuku, kwa kutaka tu aone furaha yake. Dada akaitikia kwa kichwa. Shemeji akarudisha kisu kwenye mfuko wa pikipiki.

Tukatandika mikeka. Bamkubwa akasimama, akafanya ishara ya msalaba taratibu, akafumba macho na kumshukuru Mungu kwa chakula hiki safi na kwa umoja. Nilifumbua macho nikamwangalia. Alikuwa na doa la ile damu nyeusi karibu na kiwiko, limekauka, na mkono wenye doa ndio uliokuwa umeinuliwa. Sijawahi kuchukia sala kama nilivyoichukia ile. Sala yetu wenyewe, niliyoijua toka nanyonya.

Bi Mwajuma akasema bismillahi, akamega ugali. Shemeji akanawa. Na hapo dada, aliyekuwa anawahudumia, akakaa chini karibu na mumewe, akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, akakitia mdomoni kabla ya mumewe. Nilimwona akitafuna. Shavu linapanda, linashuka. Mama alikufa nikiwa shuleni, nilirudi nikakuta watu wamejaa uani. Huyu alikuwa anakufa mbele yangu.

"Dada tema," nilipiga kelele. "Tema, utakufa. Shemeji usile, mtakufa wote."

Mkeka mzima uliganda palepale. Huku kwetu maneno hayo hayasemwi kwenye chakula cha wakwe. Bi Mwajuma akatema kwenye kiganja, akamsogelea mtoto akamkumbatia. Kwa macho yake niliona alichokielewa: kwamba wametiliwa sumu.

Bamkubwa naye alielewa hivyohivyo. Akavuta sinia kwake, uso umemvimba. "Sumu? Nyumbani kwangu? Tazameni," akasema, akaanza kula. Alikula kwa mikono miwili. Alijaza mdomo, hajameza anaongeza, mchuzi unashuka kwenye kidevu unaingia kwenye kola ya shati la kanisani, nyuzi za nyama zimeshika kwenye ndevu. "Mnaona? Nimekufa? Nyama safi hii. Kuleni." Vipande vidogo vilimtoka mdomoni akiongea, kimoja kikaangukia kanzu ya shemeji.

Shemeji akakitoa kwa kidole. Akaniita, nikaenda. Akaniuliza taratibu, kama jioni zile za kumwagia maji, "Kadogo, kwa nini tutakufa?"

"Ng'ombe alijinyonga usiku," nikasema. "Bamkubwa alimkata amekufa. Na nyie mmeshatamka."

Bi Mwajuma alishatoka mbio kwenda nyuma ya nyumba, tulimsikia anatapika. Bamkubwa alimeza, akacheka kidogo, akaangalia watu wake kama anatafuta wa kucheka naye. Wapo waliocheka. "Nyama ni nyama," alisema. "Mungu ni mmoja, si ndivyo mnavyosema? Mungu huyo mmoja atachungulia sufuria?"

Shemeji alikuwa anamtazama dada.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua," dada alisema.

Shemeji akanigeukia tena. Aliniuliza kwa sababu mimi nilikuwa sijawahi kumdanganya. "Dada yako alikuwepo ng'ombe akikatwa?"

Nilimtazama dada. Mdomo wake ulikuwa unang'aa mafuta. Nilifungua kinywa na sijui hadi leo kingetoka nini, maana yeye alitangulia.

"Usimuulize mtoto," alisema. "Nilikuwepo. Nilijua."

Shemeji alinyanyuka, akamsaidia mama yake kupanda pikipiki, wakaondoka. Hakutukana wala hakupandisha sauti. Bamkubwa akaita watu warudi kwenye mikeka, na walirudi. Wakala mpaka mifupa. Iliyobaki waliikata vipande virefu wakaitundika juu ya moshi jikoni, na tukawa tunalala na harufu yake kwenye blanketi.

Zikapita wiki. Dada alikuwa anaswali kwenye chumba cha mahindi, mtoto amelala pembeni. Bamkubwa akipita mlangoni anasema, "Unaomba nini na wewe, mume si amekuacha?" Kila jioni aliletewa ile nyama, na kila jioni aliirudisha. Na mimi hakusema nami. Alinipa chakula, alinisuka, lakini hakusema nami. Nilisubiri nione kama atakufa. Hakufa, na bado sikuelewa ni kipi kilichokuwa kimetokea.

Kisha asubuhi moja nikasikia pikipiki. Shemeji alikataa kiti. Alisimama uani, mikono nyuma, na dada akatoka na mtoto.

"Nina swali moja," alisema. "Kunificha nimekuelewa, uliogopa. Ila wewe mwenyewe ulikula. Hakuna aliyekulazimisha. Kwa nini ulikula?"

Dada alimhamishia mtoto bega lingine. "Nilijua utakula," alisema. "Sikutaka ule haramu peke yako."

Shemeji alifuta uso kwa kiganja. "Mimi sikula, Zainabu. Na ningekula bila kujua nisingekuwa na dhambi. Mama alimeza tonge moja, hana dhambi. Pale mkekani, katika Waislamu wote, aliyekula haramu ni wewe tu."

Dada alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia, mtoto naye akaanza. Shemeji alimwacha alie. Halafu akachuchumaa, akamwambia mlango wa toba haujafungwa, na wa nyumba yake haujafungwa, akachukue vitu vyake waende.

Mimi nilishaanza kupanga vyangu toka niliposikia mlio wa pikipiki. Sare, daftari, sandali. Nikatoka na mfuko wangu wa rambo nikasimama karibu na tairi la nyuma, nikijua nitakaa mbele kwenye tangi kama siku za Jumapili.

"Huyu abaki," dada alisema. Alisema kwa mumewe, siyo kwangu.

"Abaki vipi? Shule yake iko Kitaji."

"Nikimwangalia nasikia kutapika."

"Mtoto hana kosa."

"Najua hana kosa," dada alisema. "Ndiyo maana. Kosa ni langu, na yeye ndiye aliyeliona."

Shemeji alinitazama, akatia ufunguo kwenye pikipiki. Dada alikuwa amekwisha panda, amegeuzia uso upande wa korongo. Pikipiki ikawaka. Bamkubwa alikuja kwa nyuma, akaniwekea mkono begani, mkono unanuka moshi na ile nyama, akanivuta kwake.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema.